Saa ya Gari Lisilo na Magurudumu

Mama Amida hakuwahi kunipigia simu tangu nilipoondoka Kindu, na siku alipopiga alikuwa na mambo mawili tu ya kuniambia: mumewe, Mzee Asumani, amefariki, na je, saa yangu nitakuja kuichukua au aigawe pamoja na nguo za marehemu. Alisema "saa yako". Nilikuwa nimekaa mezani kwangu hapa Lubumbashi, chuma cha kulehemu mkononi, mbele yangu saa tatu za magari ya zamani zimefunguliwa matumbo, na nililazimika kukiweka chuma chini nisije nikajichoma. Hiyo ndiyo kazi yangu. Watu wa mbali wenye magari ya kale, yale yanayotolewa barabarani Jumapili tu, hunitumia saa za dashibodi zilizokufa. Mimi hutoa mtambo uliochoka na kutia mahali pake kibamba kidogo cha elektroniki nilichokiunda mwenyewe. Uso wa saa ni uleule, mishale ileile, ila ndani mna moyo mwingine. Kila kibamba nakipima kwenye joto na kwenye baridi wiki nzima kabla sijakiachia. Wateja husema nina bidii. Sijawahi kumwambia hata mmoja wao kwamba saa ya kwanza niliyoitengeneza namna hiyo iliua mtu. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka yote hiyo.

Nitasimulia mwaka mmoja tu. Ya kabla yake, wazazi na mji wetu wa Kibombo na mashamba ya mpunga, ni ya kila mtu wa kwetu, hayana jipya. Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuja Kindu kusoma umeme katika shule ya ufundi. Reli ikakatika nyuma yangu, shule nayo ikafungwa, nikabaki mjini kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Mwalimu wangu wa umeme, Mwalimu Kalonda, ndiye aliyenitafutia pa kulala, kwa Mzee Asumani wa mtaa wa Kasuku. Aliniambia nyumba ni ya Waislamu, mimi Mkristo niheshimu vipindi vyao vya sala, na mengine yatajipa. Yalijipa kweli. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya vipuri, chenye dirisha moja linalotazama uani, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo haikutoka hata nilipopiga deki mara tatu. Kitanda changu kilikuwa mlango wa gari juu ya makasha mawili, na godoro juu yake. Nikigeuka usiku, kile kishikio cha mlango kilinichoma ubavuni. Mpaka leo nalala ubavu wa kushoto.

Mzee Asumani alikuwa fundi wa dashibodi. Wakati matajiri wa Kindu walipokuwa bado na magari, yeye ndiye aliyewatengenezea saa na vipima mwendo, na alijivunia kazi hiyo kuliko ilivyostahili, akiwadharau mafundi wa injini kuwa ni watu wa kushika mafuta machafu. Vita vilimwachia gari moja, lake mwenyewe, lililokuwa uani chini ya kibanda cha mabati. Askari wa wale waliotawala mji walikuja wakachukua magurudumu. Wakarudi wakachukua injini. Mara ya tatu walichukua kiti cha nyuma, sijui cha kwenda kumkalisha nani. Gari likabaki juu ya matofali, na kiti kimoja cha mbele, na dashibodi, na saa. Betri hawakuipata, kwa sababu Mama Amida aliikalia, kanga zake zikiifunika, huku akiwachambulia mboga mbele ya macho. Mwana wao Feruzi aliifungia waya mbili hadi kwenye kibao kidogo cha umeme wa jua juu ya paa, na betri ile ndiyo iliyowasha taa yetu moja na kuendesha saa ya gari lisilokwenda popote.

Saa hizo za zamani hazikwenda kwa umeme moja kwa moja. Ndani mna springi ndogo. Ikilegea, ncha mbili za chuma hugusana, umeme hupita, na sumaku huipiga springi na kuikaza upya: tak! Kila baada ya dakika moja au mbili, tak. Mjini hapakuwa na gari, hapakuwa na redio, maana redio zilikuwa zimekusanywa zote, na katika ukimya ule tulikuwa tunaisikia mpaka sebuleni. Ncha zile ndizo huungua. Za Mzee ziliungua mwezi wa kumi, akazisugua kwa msasa, zikaenda siku nne, zikafa kabisa. Alikaa ndani ya gari mchana kutwa na kioo chake cha jicho moja, akatoka bila kula.

Kwingine ingekuwa hasara ya kuchekwa tu, saa ya gari bovu. Kwetu ilikuwa jambo la roho ya mtu. Kulikuwa na amri ya kutotembea, kuvrefe kama tulivyoiita: ikifika saa kumi na mbili jioni, asionekane mtu njiani wala majini. Waliotawala walipima amri hiyo kwa saa zao za mkononi, wala hawakumuuliza mtu alikuwa na saa au hana. Na Feruzi alikuwa mtu wa majini. Mashamba ya upande wetu yalikuwa yamefungwa na vizuizi, na huko mbele wapiganaji wa porini. Chakula chetu kilitoka ng'ambo ya mto Lualaba, huko Alunguli, kwa shangazi yake, na Feruzi ndiye aliyevuka kwa mtumbwi kukifuata, siku mbili tatu kwa wiki. Usiku wa kwanza baada ya saa kufa niliwasikia Mzee na Mama Amida wakisemezana nyuma ya ukuta. "Mutoto atafia kwenye maji," alisema Mama. "Asipovuka tutakula nini? Tutakula weye?" Mzee akamjibu. Kisha Mama: "Basi tengeneza ile saa."

Asubuhi nilimwambia Mzee kwamba naweza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na majivuno ya aliyesoma vitabu viwili. Jirani alikuwa na saa ya ukutani ya Kichina, yenye picha ya maua ya waridi, imekufa kwa kukosa betri ndogo. Betri hizo zilikuwa adimu kuliko sukari. Saa hizo zina kijiwe ndani kinachotetemeka kwa mpigo usiobadilika, na mpigo huo ndio unaohesabu sekunde. Wazo langu lilikuwa kukitoa kimtambo chake, kukiingiza ndani ya bweta la saa ya gari, na kuupunguza umeme wa betri kubwa kwa rezistansi na diodi nilizozing'oa kwenye redio mbovu iliyowashinda hata askari kuiba. Umeme wa kulehemu haukuwepo. Nilitumia msumari wa inchi sita, nikiupasha moto kwenye makaa ya Mama Amida, na bati la kuungia nililikwangua kwenye redio ileile. Ilinichukua siku tisa. Feruzi alinishikia koleo na kunichokoza. Aliniita Injenyeri, akauliza kama hiyo saa itatoa na uji. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, wala yeye hakuniambia, na sasa nikiwa na mvi naona kwamba wote wawili tulidhani muda upo.

Mzee alikaa pembeni akinuna. Kila kitu nilichofanya kilikuwa tusi kwake.

"Na sauti yake?" aliuliza.

"Haitakuwa na sauti, Papa."

"Saa bila sauti. Utajua namna gani kama iko mzima?"

"Utaangalia mishale."

Tuligombana sana juu ya kifundo. Saa za gari zina kifundo kidogo mbele, unakivuta na kukizungusha kusogeza mishale. Mimi nilitaka kukiondoa. Nilimweleza kwamba kijiwe hakikosei, kwamba saa hiyo haitamhitaji mtu kuirudisha tena, na kwamba kifundo ni tundu la kuingizia vumbi. Uso wake ulibadilika.

"Hapana. Kifundo kitabaki," alisema. "Saa yenye muntu hawezi kugusa, ile njo saa ya nani? Sikiliza, mwana. Ile ya zamani ukiirudisha ilikuwa inasikia. Unaisukuma leo, kesho inajikaza yenyewe kidogo. Hii yako iko kiziwi."

Hilo la kusikia lilikuwa kweli; baadhi ya saa zile ziliundwa hivyo, ukizisahihisha zinajirekebisha mwendo. Lakini nilimwona mzee mwenye wivu. Kwa heshima tu nilikiacha kifundo, nikakiunga na kigurudumu cha meno nyuma ya saa kwa kipande cha mrija wa kalamu ya wino, ambacho Feruzi alikitoboa kwa sindano ya moto. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, siku chache kabla ya mfungo, Mwalimu Kalonda alikuja na saa yake ya mkononi, ambayo aliisahihisha kwa redio aliyoificha ndani ya debe la unga. Tuliiweka saa ya gari sawasawa na yake. Jioni ile, Mwalimu akiwa amekwisha kwenda kwake, tulijazana dirishani mwa gari, watu wanne na vichwa vinne, tukaitazama mishale ikinyooka wima, mmoja juu mmoja chini, saa kumi na mbili kamili. Dakika chache tu baadaye adhana ya magharibi ikasikika. Mama Amida akapiga kigelegele kidogo kwa chini, maana kigelegele cha juu kingewaleta askari. Mzee aliitazama mishale, akatazama anga, akaenda kutawadha.

Tangu hapo nyumba ikawa na desturi yake. Magharibi ikikaribia, Mama Amida angeniambia, "Leontine, ingia jikoni kwanza," na mimi ningeondoka uani, wao watandike mikeka waswali. Jiko lilikuwa nyuma. Nikiwa huko nachochea kuni mbichi, baada ya sala nilisikia mlango wa gari ukilia, kisha kimya cha muda mfupi, kisha ukilia tena. Ni Mzee, ameingia kukaa garini mwake. Nilidhani analiaga, kama mtu anayepitia zizini kumtazama ng'ombe mgonjwa kabla ya kulala. Nilimwonea huruma na sikumuuliza.

Tulikula sombe, majani ya mihogo, bila mawese, tukala mchicha wa porini, tukala mapapai mabichi yaliyochemshwa kwa chumvi, na chumvi yenyewe ilipokwisha tukayala hivyohivyo. Tulikula kwenye sinia moja, Mzee na Feruzi upande huu, mimi na Mama upande ule, na Feruzi kila mara alisukuma kwa kidole kinofu cha samaki mpaka upande wetu halafu akatazama pembeni kama hajui kimefikaje. Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, tukichambua mboga, Mama Amida alinisifu kwa mara ya kwanza. "Ile saa yako iko muaminifu," alisema. "Kila siku iko sawa na adhana. Haikosei hata siku moja." Nilienda kulala nikiwa na furaha kubwa. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu safari yangu ya mwezi uliopita, na kila mara natamani kumshika yule msichana mabega na kumtikisa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa pili. Tulikuwa na siku mbili bila kitu cha maana tumboni, na habari ikaja kwamba shangazi wa Alunguli ana mfuko wa mihogo mikavu, auchukue leo, kesho hajui. Feruzi alikuwa amelala mchana kwa udhaifu wa njaa. Aliamka, akafunga mkanda, akaja mpaka kwenye gari nilipokuwa nimekaa kivulini.

"Injenyeri, saa yako inasemaje?"

Niliingiza kichwa dirishani. "Saa kumi na dakika kumi."

Alihesabu kwa vidole: kushuka mtoni, kuvuka, kwa shangazi, kurudi. Jumla, mwendo wa saa moja na nusu. "Nitafika?"

"Utafika na dakika ishirini mfukoni."

"Ile saa haidanganye?"

"Haidanganye," nilimwambia, na nilikuwa natabasamu.

Jioni yake Mama Amida alikuwa anatwanga majani matupu, kinu kikitoa mlio mkavu. Milio ya bunduki ilitoka upande wa mto, mitatu, halafu mmoja peke yake. Mama akasimama, mchi mkononi. Mimi nilikimbia kwenye gari, nikatazama, nikamgeukia kwa uso wa mtu aliyeleta habari njema. "Si yeye, Mama. Iko saa kumi na mbili kasoro ishirini. Bado muda uko." Akaniamini. Akaendelea kutwanga. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa; mtu yeyote angeamini. Sijui maishani mwangu kama nimewahi kusema kitu kibaya kuliko hicho, na nilikisema kwa upole.

Feruzi hakurudi usiku ule. Mwenye mtumbwi aliyevuka naye alikuja asubuhi na mfuko wa mihogo, umelowa. Alisema walikuwa karibu na gati, jua halijazama, na askari waliwapigia kelele kwamba saa imepita, kisha wakapiga. Feruzi alianguka majini upande wa mkondo. Hakuonekana tena. Tulikaa matanga bila maiti. Watu walisema askari walikuwa wamelewa, wengine wakasema walisogeza saa zao mbele makusudi. Siku ya tatu alikuja Mwalimu Kalonda kutoa pole. Alikaa mkekani, mkono juu ya goti, na macho yangu yakaangukia saa yake. Niliinuka, nikaenda kwenye gari, nikarudi. Nikaenda tena. Saa yangu ilikuwa nyuma kwa zaidi ya nusu saa.

Nilihesabu nikiwa nimesimama pale pale juani: siku mia hivi, nusu saa na ushei, sekunde ishirini na kitu kwa siku. Kijiwe kimechoka. Au joto la gari la mabati limekilegeza. Au diodi yangu ya redio mbovu. Nilikwenda mbele ya Mzee Asumani, mbele ya watu wote, nikapiga magoti. "Papa, ni saa yangu. Imechelewa. Miye njo nimemuua."

Alinitazama muda mrefu sana. Nikadhani atanilaani, na nilikuwa nataka anilaani. Halafu akatazama gari, akatazama mikono yake. "Basi, mwana," alisema. "Iko kazi ya Mungu." Akainuka akaingia ndani. Hakunipinga. Mbele ya mkeka mzima wa watu, hakunipinga.

Ile mihogo Mama Amida aliianika juu ya boneti ya gari, ikakauka siku mbili, tukaitwanga, tukaila. Hakuna aliyesema hatakula. Nilikaa nao miezi mingine minne kwa kuwa sikuwa na njia ya kuondoka, na hawakunitendea ubaya wowote, ila sinia iligawanyika: mimi niliwekewa changu kwenye bakuli. Nilipopata mtu wa baiskeli anayekwenda Kibombo, Mzee hakutoka kuniaga. Mama alinipa konzi ya mahindi ya kukaanga ya njiani.

Mengine yote niliyofanya maishani yalitokana na sekunde zile ishirini na kitu. Nilisoma ili nijue kwa nini kijiwe huchelewa. Nilifanya kazi kwa watu, nikajitegemea, nikaunda kibamba ambacho joto halikigusi, na watu wazima wenye magari ya kale wananiandikia kunishukuru. Sikuolewa, sitasema ni kwa sababu hiyo, lakini sitasema si kwa sababu hiyo.

Nilifika Kindu kwa arubaini ya Mzee, na ulikuwa mwezi wa pili tena. Pikipiki ya abiria ilinipitisha Kasuku ya maduka na makelele ambayo sikuijua, ikaniteremsha mbele ya ua ambao niliujua mno. Gari lilikuwepo, limebaki mifupa, kuku wanatagia ndani. Baada ya dua watu walitawanyika, tukabaki wawili, mimi na Mama Amida, kwenye mkeka. Alikuwa amekonda akawa mdogo kama mtoto wa shule. Alinipa saa ikiwa imefungwa ndani ya kilemba cha marehemu.

Nilikuwa nimebeba betri na chombo changu cha kupimia mpigo. Nakiri, nilikuja kama hakimu. Niliifungua pale pale. Kazi yangu ya kitoto ilikuwa ndani, bati limemwagika ovyo, nikaona haya. Niliunganisha waya. Kijiwe kikatetemeka. Nilipima mara ya kwanza, nikapima ya pili, nikabadilisha betri, nikapima tena. Hakikupoteza hata sekunde moja kwa siku. Kile kijiwe cha saa ya maua ya waridi kilikuwa kizima, pengine tangu siku ya kwanza. Halafu nikaona ule mrija wa kalamu wa kifundo. Nilikuwa nimeutengeneza kwa kuzungushwa mara moja kwa mwaka. Meno ya kigurudumu yalikuwa yameula ukawa laini, kama kitu kilichozungushwa kila siku kwa miezi.

"Mama," nilisema, "kuna muntu alikuwa anagusa hii saa?"

Alishangaa kwamba nauliza. "Mzee. Nani mwingine? Kila magharibi. Njo desturi yao, toka kwa babu zao wale waliokuja na misafara kutoka pwani. Jua likizama, saa lazima inyooshwe, mshale moja juu, moja chini. Saa inafuata jua, jua haifuate saa. Zamani alikuwa anafanya, na ulipoweka ya kwako akaendelea."

Wasiokaa karibu na Ikweta hawajui, na sisi tunaokaa tunajidanganya kwamba jua letu ni la uaminifu. Si kweli. Pale Kindu, kutoka mwezi wa kumi na moja hadi wa pili, magharibi huzidi kuchelewa hadi nusu saa nzima, dakika moja kila baada ya siku tatu, taratibu kiasi kwamba jicho halioni. Mwezi wa kumi na moja jua na askari walikuwa wanakubaliana. Kila jioni, mimi nikiwa jikoni, Mzee alikuwa anarudisha mishale nyuma kidogo, na kidogo, mpaka ikawa nusu saa nyuma ya saa za askari. Na mimi nilisifiwa kwamba saa yangu iko sawa na adhana, mimi niliyesoma, nikaenda kulala na furaha.

"Tangu lini aliacha?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Siku ya tatu ya matanga. Ile jioni aliingia kwenye gari, akashika kile kifundo, akalia. Hakuinyoosha tena. Mpaka anakufa."

"Kumbe alijua."

"Alijua."

"Na weye?"

Alivuta ncha ya kanga yake, akaikunja, akaikunjua. Nilikuwa na hasira ya kuvunja vitu. Niliona miaka yangu yote, makaratasi, majoto niliyoyapima, wanaume niliowaambia hapana, na kile kibakuli changu cha pembeni. Nilitaka aseme hakujua.

"Nilijua," alisema Mama Amida. "Ningesema, angekufa wiki ile ile. Weye ulikuwa na Kibombo, ulikuwa na shule, ulikuwa na pa kwenda. Yeye alikuwa na hapa tu. Na miye nilikuwa na yeye tu." Halafu akaongeza: "Nilikuchagua weye ubebe, mwana. Ulikuwa na nguvu."

Mtu aliyeambiwa kwamba hakuua anapaswa kujisikia mwepesi, na mimi nilijisikia kama niliyeibiwa. Kosa langu nilikuwa nimelijua kwa kina; nililifanyia kazi, lilinifundisha. Sasa lilikuwa la mtu mwingine, naye amezikwa, na Feruzi bado hana kaburi.

Adhana ya magharibi ikaanza. Simu yangu ilisema saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba. Saa ya gari, niliyokuwa nimeilinganisha mwenyewe na simu, ilisema hivyohivyo. Mama Amida aliisogeza kwangu juu ya kilemba.

"Inyooshe," alisema. "Arubaini yake. Mara moja tu."

"Hapana, Mama. Miye sitaigusa."

Hakunilazimisha. Aliichukua yeye, akakivuta kifundo, akaanza kukizungusha. Nilingoja aniambie niingie jikoni kwanza. Hakuniambia. Nilibaki mkekani, nikatazama mshale ukirudi nyuma, dakika kwa dakika, thelathini na saba zote, mpaka ukanyooka.